Aziza Alijibu Vizuri Mno

Mama Philomène, salamu kwako, naomba uninyooshee njia, maana kwetu Kabondo kila mtu ana njia yake. Binti yetu Aziza ana miaka kumi na miwili, mcheshi, anampenda kila mtu, lakini mwili umekua na akili imebaki nyuma, kufunga vifungo hajui, akienda bombani anamfuata mwanamke yeyote mwenye ndoo mpaka kwake, na masista wamefungua darasa la watoto kama yeye, ila kwanza mtoto apimwe na bwana mtaalamu wa akili, aonekane kweli anahitaji. Tukampeleka na gauni jipya, na yule bwana alipouliza jina tu, Aziza akasimama wima: "Mimi iko Aziza, mutoto ya papa Lukumani mushonaji, tunakaa Kabondo, hatuna bunduki." Ndivyo tulivyomkaririsha wakati wa uasi, kwa ajili ya bariere za askari waliofunga njia na kuhoji kila mpita njia. Bwana akacheka, akampa vibao vya rangi avipange, na mume wangu kwa fahari akawa anamwonyesha kwa macho pa kuweka, basi tukaambiwa huyu anaweza shule ya kawaida, nayo ilishamrudisha nyumbani! Nimelia mpaka wamekubali kumpima tena Alhamisi, na sasa wifi yangu Madina anasema tumfundishe kunyamaza na kutoa ulimi nje. Naona aibu kumfundisha mwanangu ujinga, lakini naogopa nafasi itapotea. Nifanye nini?

Mama Aziza, Kabondo

Mama Aziza, pole, na unisamehe, kwa habari ya bunduki nimecheka mpaka chai ikamwagika. Sasa sikiliza. Mwambie wifi yako aurudishe ulimi wake mdomoni. Aziza hana haja ya kuigiza, alivyo inatosha. Kosa ni lenu: mlikwenda kupimwa mkadhani mmekwenda kuposwa. Mficha uchi hazai, mama.

Alhamisi mvalishe gauni la kila siku, na vifungo mwachie mwenyewe. Papa Lukumani abaki nje pamoja na macho yake. Wewe ingia, umweleze yule bwana habari za vifungo, za bomba na za bariere. Yeye hakuwa hapa wakati ule, atajuaje? Kisha kaa kimya, hata ulimi ukikuwasha.

Na kabla ya kuingia, mshike Aziza mkono, umwambie taratibu: "Hapa hakuna askari. Kama haujue kitu, sema tu haujue. Hakuna mutu atatupiga."