Mia na Arobaini

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko juu juu.

Wodi ya wazazi niliyopangiwa mazoezi ya ukunga ina sista msimamizi tunayemwita Radi, maana hujui atapiga wapi. Wanafunzi tunasimama ukutani mpaka tuitwe, na jina letu sote ni "wewe". Kuuliza swali ni kujitafutia balaa. Juzi mwenzangu alisema hasikii moyo wa mtoto kwenye kile kipembe cha kuwekea sikio tumboni. Radi akamwambia mbele ya wagonjwa akauze nyanya. Sasa wenzangu wamenipa dawa: ukiulizwa mapigo, sema mia na arobaini. Ni namba nzuri, haimshtui mtu.

Shangazi, hata mimi sisikii vizuri. Naogopa siku nitakayoitwa.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananitukana kila nikipanda ngazi. Kaka yangu, baba yako, hajaacha kulalamika?

Umesahau unamwandikia nani? Mimi nami nasimamia wodi ya wazazi, na akina Radi ndio walionipika nikaiva. Vumilia, mvumilivu hula mbivu. Wanafunzi wangu wananiogopa, ndiyo maana kazi inakwenda. Nikiuliza mapigo, jibu linatoka papo hapo. Sikio lako nalo litazoea.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Jana niliitwa. Mama mwenyewe ni mimba yake ya kwanza, tulikuwa tunataniana kuhusu miguu yake iliyovimba. Radi akauliza kutoka mlangoni, "Wewe, mapigo?" Mdomo ukasema mia na arobaini. Akaenda zake. Nikaweka sikio tena, nikasikia moyo wangu tu. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu hajambo?"

Nilikimbia, Shangazi. Nikamkuta Radi ukumbini, nikamwambia, "Sista, nilitaja tu. Sijasikia kitu." Alinitukana njia nzima hadi kitandani. Akainama kusikiliza. Kisha akapiga kelele machela iletwe.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, amelegea kama kitambaa. Walihangaika naye mpaka akalia. Yuko hai. Mimi nimesimamishwa, na chuo kitakaa kikao kuamua kama nifukuzwe kwa kutaja nisichokisikia. Sijui nitamwambia nini baba.

Wale wako wanaojibu papo hapo, Shangazi, una hakika wanasikia?

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikukasirikia. Nilisema huyu mtoto amekosa adabu, ananifundisha kazi! Barua niliitupa kabatini, lakini swali lako likawa linanifuata wodini.

Jumatatu niliwaita wanafunzi wangu, nikafunga mlango. Nikawaambia hakuna atakayeadhibiwa, ila nataka kujua nani amewahi kunitajia mapigo bila kuyasikia. Nikakaa kwenye benchi, nikasubiri. Mkono mmoja ukapanda, wa binti ninayemsifu kila siku. Ukafuata mwingine. Mwanangu, niliwawaza akina mama wote waliopita mle.

Tangu siku hiyo tunasikiliza pamoja, mwanafunzi kwanza, mimi baada yake, na "sisikii" ni jibu kama majibu mengine. Bado nafoka, mazoea yana taabu. Lakini wameanza kuniuliza maswali, mengine ya kipuuzi kabisa.

Nimeomba ruhusa kazini. Siku ya kikao chako nitakuwepo, magoti yakitaka yasitake, nimevaa sare yangu. Wakiuliza ni wanafunzi wangapi wangekimbia kumrudia Radi kama wewe, nitawaambia wangu hakukimbia hata mmoja. Wakiuliza mikono iliyopanda ilikuwa mingapi, nitawaambia ni yote, hakuna uliobaki chini.

Shangazi yako