Ukingo wa Nne wa Sanduku la Esta

Kijiji Kipya,
S.L.P. 31, Singida.
9 Machi, 1975.

Mpendwa dada Esta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imekatika tangu Januari, na uwele umekauka ukiwa kimo cha goti. Mama Redempta, mke wangu, anakusalimu sana.

Najua simu yetu ya maandishi ilikufikia, na najua mvua za huko zilikufungia barabara. Usijilaumu. Baba tulimzika Jumatatu ya kwanza ya Februari, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea katika kijiji ambacho bado hatujajuana vizuri. Katika barua yako umeuliza mambo mawili tu: kama baba alimaliza sanduku lako la mninga, na kama nitakutunzia ile randa yake ya mapambo. Nimekaa na maswali hayo wiki mbili nzima bila kushika kalamu.

Randa unaikumbuka. Kisu chake alikichonga mwenyewe kwa tupa, kikawa kinaacha bonde moja na matuta mawili kwenye ukingo wa ubao. Mbavu zote mbili, zile mbao ndefu za pembeni, za kitanda cha marehemu mama zina ukingo huo. Sanduku lako alikuwa ameshalitia kingo tatu kule kwenye mji wetu wa zamani, kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho kabisa. Ilibaki ya nne, ya mbele, chini ya mfuniko. Lori la Operesheni Vijiji lilipokuja Septemba kutuhamishia huku tulipakia vifaa, sanduku na kitanda cha mama kikiwa kimefunguliwa. Nyumba tuliyoijenga huku ni ndogo, kitanda hakikuingia, nikakiegemeza ukutani nyuma. Baba akawa analala kwenye kitanda cha kamba, na kila siku ananikumbusha nipanue chumba, maana alitaka kufia kwenye kitanda alichomfanyia mama.

Halafu Katibu wa kijiji, ndugu Petro, akaanzisha karakana, vifaa vyetu vikaingia humo, nami nikafanywa mkuu wa mafundi. Dada, nilivimba kichwa. Yalitakiwa madawati arobaini kabla wageni wa wilaya hawajafika, na kisu cha randa kubwa kikavunjika kwenye fundo la mti. Nikachukua kisu cha ile randa ya baba. Niliona kitatosha kusawazisha mbao, kisha nitakirudishia umbo lake kwa tupa, kwa kuwa nilimwona baba akifanya hivyo maisha yangu yote. Nikakiweka kwenye jiwe la kunolea linalozungushwa kwa kukanyaga, kwa haraka, bila maji, mpaka kikanyooka na ncha yake ikageuka buluu. Madawati yakamalizika. Wageni walinipigia makofi.

Walipoondoka nilikipeleka mjini kwa fundi Hussein. Alikigeuza mara mbili, akasema nimekiunguza, chuma kimekufa, umbo lolote nitakalochonga halitashika makali. Akanirudishia kimefungwa kwenye gazeti, na hakutaka hata kunicheka.

Wakati huo baba kifua kilikuwa kimeshamwangusha. Kila asubuhi aliuliza habari ya ukingo wa nne. Alinielekeza akiwa amelala: nianze mwisho wa ubao nirudi nyuma kidogo kidogo, nisilazimishe, nisikilize. Nami namwitikia ndiyo baba, kisha nakaa mlangoni nasugua ubao kwa randa ya kawaida ili asikie sauti ya kazi. Nilidanganya hivyo karibu mwezi mzima, mpaka siku aliponiambia nimletee ubao aupapase.

Hapa ndipo utakaponichukia, na una haki. Nilichukua msumeno, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata kipande cha urefu wa mkono kwenye ubavu wa kitanda cha mama. Nikakipiga msasa, nikakipaka mafuta, nikamwekea baba mikononi.

Alipitisha kidole gumba kwenye lile bonde, akaenda, akarudi. Mahali fulani akasimama. Akasema mkwaruzo huo aliuacha mama kwa bangili yake siku aliyokuzaa wewe, alipokishikilia kitanda kwa nguvu. Nilingoja aulize kisu kiko wapi. Hakuuliza. Aliniuliza nimekata ubavu upi, wa upande aliolala yeye au wa mama. Nikamwambia wa mama. Akanirudishia kipande, akageukia ukutani, na hakunisemesha tena. Alikufa Jumapili asubuhi, juu ya kitanda cha kamba.

Sanduku nitakutumia njia zikifunguka. Ukingo wa mbele utauona mtupu, na utajua sababu. Randa usiitarajie. Kama hutaki kunijibu sitakulaumu, ila niandikie tu kwamba sanduku limefika.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, lakini haya usiwasomee. Kile kipande ninacho. Nilijaribu kukirudisha kwenye kitanda nikiunganishe kwa gundi, lakini hakijazi tena pengo lake. Msumeno ulikula upana wa meno yake pande zote mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Simoni