Moto wa Chumba cha Mimea

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kituoni, chuoni huitwa Mwalimu Mwani. Umri: miaka 81. Kazi: mhadhiri mstaafu wa biolojia. Makazi: kwa binti yangu, nyuma ya chuo.

Nina akili timamu. Ini ndilo limekwisha, na daktari hanifichi tena. Nimekuja mwenyewe kwa sababu mtunza taa wa maabara yuko mahabusu kwa kosa langu.

Mnamo Ijumaa tarehe 8, saa nne asubuhi, mwanafunzi wangu wa mwisho alinionyesha matokeo ya utafiti wake. Afande ameniomba nieleze kwa lugha nyepesi. Ndani ya jani kuna vichembe vya kijani vinavyonasa mwanga, kloroplasti, navyo vina jeni zao. Jeni husomwa herufi tatu tatu, yaani kodoni, na kodoni mbili tofauti zinaweza kuagiza kipande kilekile cha protini. Nilimwambia afande: ukiita "mke wangu" au "mama watoto," atakuja yuleyule. Akasema, "Kwangu haji yeyote, Mzee." Tukaendelea.

Maisha yangu yote nimefundisha kwamba kodoni zinazosomwa vizuri zaidi huteuliwa na maumbile hadi leo, katika mwani na katika mimea ya maua pia. Mwanafunzi alibadilisha kodoni za jeni moja bila kugusa protini yake. Mwani uliobadilishwa ulidhoofika. Mimea haikujali, ilikua sawa na mingine.

"Kwa mwani uko sahihi, Babu," alisema. Huniita Babu. "Kwa mimea ni mazoea ya mababu tu. Nguvu iliyoyaweka ilishalegea. Imebaki alama, nayo inafutika polepole."

Nilimpongeza. Nyumbani sikula.

Protini ile huharibika upesi penye mwanga mkali, na jani hulazimika kuitengeneza upya kila mara. Nikajiambia mwanga alioutumia mwanafunzi ulikuwa hafifu. Ukiongezwa, tofauti itajitokeza. Ningeweza kumwomba ajaribu. Sikumwomba, kwa kuwa nikishindwa angejua. Nilitaka nishindwe peke yangu.

Jumamosi tarehe 9, saa kumi alasiri, niliingia chumba cha mimea cha maabara kwa ufunguo wangu wa zamani. Nilizungusha swichi ya taa hadi mwisho. Kengele ya joto ikalia, nikaizima. Nilikusudia kurudi baada ya saa moja. Nilikwenda nyumbani, nikameza dawa, nikalala. Binti yangu aliniamsha kwa kelele: chuo kinaungua.

Mimea yote iliteketea, na mwani pia. Mwanafunzi aliungua mikono akijaribu kuokoa chupa za mwani.

Jana saa tano asubuhi nilimtembelea mtunza taa mahabusu.

"Nilikuona ukitoka, Mwalimu," alisema.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nangoja ufe kwanza. Maiti hafungwi." Alicheka peke yake. "Ila usikawie sana. Mke wangu anajifungua mwezi ujao."

Nimeona nisimngojeshe.

Naomba iandikwe pia kwamba mwanafunzi alikuwa sahihi. Ushahidi wake umeungua, lakini niliuona kwa macho yangu kabla ya moto, nao ulikuwa safi. Mimi ndiye niliyekosea.

Nimesomewa haya. Ni maneno yangu, sikushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (alama ya dole gumba)

Maelezo ya afisa: Shahidi alishindwa kushika kalamu. Nilimwonya kwamba maelezo haya yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Alijibu, "Basi yafanye haraka." Mtunza taa ameachiwa saa tisa alasiri. Shahidi yuko chini ya ulinzi, kwenye benchi la mapokezi, kwa kuwa mahabusu haina kitanda. Mtunza taa ameambiwa mara mbili aende nyumbani. Bado ameketi naye.