Kuhama, Kusogea, Kugura

Bagamoyo,
14 Machi 1975.

Kwa mdogo wangu mpenzi, Mwanamvua binti Mwishehe, Pangani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi kakako ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto ambalo likiona wingu tu linaanza malalamiko. Hali yako wewe? Kifua kimepoa? Je, dawa ya yule tabibu wa Tanga unaimeza, au umeiweka dirishani uitazame kama ulivyofanya na ile ya kwanza? Jirani yetu Mwaija anakusalimu sana. Anasema wewe umekuwa mtu wa Pangani kabisa, hata salamu zako siku hizi zinafika zimepoa, na ukija usithubutu kuingia uani kwake mikono mitupu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nilipoona mwandiko wa juu ya bahasha nilisimama pale pale posta. Herufi kubwa kama punje za mahindi, moja moja, zimepangwa kwa subira. Karani akaniuliza, “Mwalimu, kuna msiba?” Nikamwambia hakuna msiba, dada yangu amehitimu kisomo. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na moja, na sikumbuki barua iliyonifurahisha kama hiyo.

Ndani nimekuta mambo mawili. La kwanza ni lako. Unaniomba niende kwa Sheikh Mbaruku nitoe ushahidi kwamba Bwanausi, baba yake Zaina, aliwatupa, kwamba hajulikani aliko, na kwa hiyo hayupo walii wa kumwozesha binti. Ili Sheikh ashike nafasi hiyo, na Zaina aolewe na Ramadhan mwezi wa Mfungo Saba kama mlivyopanga. La pili ni kikaratasi cha Zaina mwenyewe. Mkufunzi wao pale chuo cha ualimu amewapa kila mmoja neno la Kiingereza akalitafutie Kiswahili chake kwa wazee wa kwao, na yeye ameangukiwa na neno “move”. Ananiuliza, “Mjomba, hili si kuhama tu?”

Nitajibu yote mawili. Nianze na la Zaina. Najua unacheka sasa hivi. Ni wewe uliyewaambia watu kwamba kaka akiulizwa saa ngapi huanza na habari za aliyebuni saa. Nivumilie leo. Nina sababu.

Mwambie mwanangu kwamba Mwingereza ni mvivu katika neno hili. Analo moja tu na analituma kila mahali. Sisi tuna nyumba nzima ya maneno. Unakumbuka jamvi la marehemu mama, lile lililoungua pembeni? Tulipokuwa tukila, mama alikuwa akinipiga kiwiko na kusema, “Sogea, Msabaha, hilo jamvi hukuozeshwa nalo!” Hiyo ni kusogea: mtu anabaki pale pale alipo, ila anampa mwenzake nafasi. Na mgeni akisita mlangoni, mama hakumwambia sogea. Alimwambia, “Jongea, mwanangu, jongea kwenye sinia.” Kujongea ni kuja karibu na watu. Siku hizi vijana wanayachanganya, lakini mama hakuyachanganya hata siku moja, naye hakukanyaga shule.

Mtu wa bao akisogeza kete zake bila kula za mwenzake, anatakata. Jani likiguswa na upepo linatikisika. Mtoto aliye tumboni anacheza. Mimi serikali iliponitoa shule ya hapa mjini kunipeleka Chalinze, na Chalinze kunipeleka Kiwangwa kwenye mananasi, nilihamishwa. Mtu akiondoka kwa hiari yake, anahama. Hata moyo ukiingiwa na huruma, Mwingereza husema kitu kimeusogeza. Sisi twasema umeguswa. Zaina ayaandike yote hayo, na mkufunzi akibisha, amlete kwangu.

Kisha kuna kugura. Hili namwomba alihifadhi, maana linapotea. Wewe ulikuwa mgongoni siku hiyo, huikumbuki. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki huko Mkange, na nguruwe walikuwa wamemaliza muhogo. Mama alikufunga mgongoni kwa kanga, akajitwika kinu, naam, kinu chenyewe, nami nikabeba mchi na kuku wawili. Tulitembea siku tatu. Kila tuliyekutana naye njiani aliuliza mnakwenda wapi, na mama alijibu neno moja tu: “Tumegura.” Hakusema tumehama. Mtu aliyegura ameyaondoa makazi yake yote pale alipokuwa, wala hageuki kutazama. Bibi mmoja pale Matipwili akamtania, “Na kinu pia kimegura, mwenzangu?” Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akamjibu, “Hiki ndicho kilichoniambia twende.”

Nimekaa na kumbukumbu hizo wiki nzima, Mwanamvua. Nyumba tuliyopangishwa kule Dunda, chumba kimoja na kibaraza. Wewe na vitumbua vyako vya alfajiri. Jinsi mama alivyokataa kukuoza kwa watu watatu mpaka akaja Bwanausi, akaketi kibarazani, akaulizwa kazi yake, akasema yeye ni baharia na kwamba hana kitu ila mikono miwili. Mama akasema, “Basi tuione.” Akaikagua mikono ya mtu mzima kama anayenunua samaki! Akaridhika. Nakumbuka ulikuwa nyuma ya mlango umeziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Sasa nije kwenye ombi lako.

Jumatano baada ya alasiri nilikwenda kwa Sheikh Mbaruku. Alikuwapo pia Mzee Mwinyijuma, aliyekuwa shahidi wa pili ule mwaka wa sitini na tano, ndoa yako na Bwanausi ilipovunjwa kwa faskhi kwa sababu ya kutoweka kwake. Sheikh aliniuliza kwa upole, mbele ya mzee huyo, kama ningali ninashuhudia yale niliyoshuhudia wakati ule: kwamba mume alikwenda zake na hakuleta neno. Nikavua kofia, nikaanza kuikunja. Mzee Mwinyijuma akacheka na kusema, “Ehe! Leo ndiyo siku Mwalimu amekosa neno. Iandikwe.” Nami nikamwambia Sheikh kwamba siwezi kushuhudia, kwa kuwa si kweli, na mara ile haikuwa kweli pia.

Hayo niliyowaambia wao, nakuambia wewe sasa. Ilikuwa haki yako uyasikie kabla yao, na hilo nalo ni kosa langu.

Bwanausi alileta neno. Januari ya mwaka sitini na mbili ulinijia na ile barua iliyopigwa taipu kwa Kiingereza, aliyokuletea baharia mmoja mkononi. Mama alikuwa na miezi mitano kitandani kwa kiharusi. Mimi nilikuwa nimepanda basi Jumamosi kutoka Kiwangwa, nimechoka. Ulikaa chini mbele yangu, Zaina amelala pajani pako, ukaniambia, “Kaka, nisomee, na usinifundishe, nisomee tu.” Unajua desturi yetu hapa mtaani: anayesomea watu barua ni kama aliyewekewa amana. Watu wa Dunda yote waliniletea barua zao, nami sikuwahi kuongeza wala kupunguza.

Nilikusomea kwamba mkono wake wa kulia ulisagwa na mashine melini. Hilo lilikuwamo. Nilikusomea kwamba ndiyo maana karani wa kampuni ndiye aliyemwandikia, na karani hakujua kuandika Kiswahili. Lilikuwamo. Nilikusomea kwamba vidole viwili vimeanza kutikisika, na kwamba amehamishwa kutoka melini kupelekwa ghalani, nchi kavu, Mombasa. Yote yalikuwamo, na kote karani alitumia neno lile lile moja analoulizia Zaina. Lilikuja mara ya tatu, mwishoni. Bwanausi alisema amepewa chumba na uani kuna kisima, na kwamba wewe na mtoto mhamie kwake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Nililielewa vizuri kabisa, mdogo wangu. Usifikiri nililikosea. Nilikunja karatasi. Ukauliza, “Na sisi je? Hakusema kitu?” Nikakuambia hakusema kitu.

Nilijiambia ni kwa ajili ya mama. Hakuwa akikubali kugeuzwa kitandani na mtu mwingine ila wewe. Hata Mwaija alipojaribu alimng'ata. Lakini baada ya miaka kumi na mitatu mtu anachoka kujidanganya. Ungeondoka, ningelazimika kuacha kazi nikae na mama, na wakati huo walikuwa wameniahidi ualimu mkuu. Nilikuwa na haraka ya kuitwa mwalimu mkuu. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilidhani ni jambo la miezi michache. Nilidhani mama atapona, au Mungu atamchukua, kisha nitakuambia barua nyingine imekuja. Nyingine ilikuja kweli, mwezi wa Aprili, ikapitia shuleni kwangu, kwa sababu anwani yako ilikuwa ni yangu. Aliuliza mbona kimya. Nikamjibu mimi, kwa Kiingereza safi, kwamba umekataa kuhama, na kwamba asikusumbue. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa maana lile la kwanza nilinyamaza tu, na hili nilikaa kitako nikaliandika. Tangu hapo yeye anaamini wewe ulimkataa, na wewe unaamini yeye alikutupa. Mama aliishi miaka minne zaidi mikononi mwako. Ulipoanza kuulizwa na watu, ukataka faskhi, nikaenda nawe, nikaapa.

Mzee Sharifu, mume wako wa pili, Mungu amrehemu, alikutunza vizuri pale Pangani, na mara nyingi nimejificha nyuma ya wema wake, nikasema mwisho wa mambo ulikuwa mzuri. Lakini Zaina amekua akijua kwamba baba yake hakumtaka. Siku moja akiwa darasa la tano aliniuliza kama baba yake aliwahi kumwona. Nikambadilishia mazungumzo. Yeye ni mtu wa kwanza katika maisha yangu niliyekwepa kumfafanulia jambo.

Sheikh hakunigombeza. Alisema baba akiwa hai na anajulikana aliko, ndiye walii, na hakuna sheikh anayeweza kumruka. Nahodha Abdala, aliyefika juzi na shehena ya vigae, anamjua: yu hai, ni mlinzi wa ghala pale Mombasa, anaishi mji wa kale, na ana mke na wavulana wawili. Kwa hiyo Sheikh aliniamuru nimwandikie kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, nimweleze kila kitu bila kujitetea, na nimwombe ruhusa ya ndoa ya binti yake. Alikaa pale pale mpaka nikamaliza. Alinirudisha mara mbili niondoe mistari ya kujisafisha. Barua nimeitia posta jana asubuhi. Jibu likija litakuja kwako. Safari hii nimeandika anwani ya Pangani.

Yawezekana nikahi ikachelewa. Wazazi wa Ramadhan watauliza sababu, na naomba usinifichie. Waambie ni mjomba. Kama watataka kusikia kwangu, nitapanda basi nije niseme mbele yao. Na kama wewe hutaki nikanyage Pangani, mwambie Zaina aniandikie mstari mmoja tu. Sitauliza kwa nini.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua zake zote, maana ni zako. Mbili ninazo tangu nilipozisoma. Zaina anakijua Kiingereza kuliko nilivyokijua mimi umri wake. Akusomee neno kwa neno, na mahali utakapotaka arudie, arudie.

Ya tatu ilikuja Agosti ya mwaka sitini na mbili, baada ya lile jibu langu. Hii si ya taipu. Juu ya bahasha kuna jina lako kwa herufi za Kiarabu, zimepinda pinda, za mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Sikuifungua. Niliogopa. Nimehama nayo shule tatu, ndani ya kasha la chaki, na gundi yake bado imeshika. Sijui imesema nini, na yeyote asikuambie kwamba Msabaha anajua. Herufi hizo ulisomeshwa chuo cha Kurani ungali mtoto, kabla ya kisomo cha serikali. Hiyo hutahitaji kusomewa na mtu.

Nisalimie majirani wote, na mke wa mwenye duka, na Zaina mbusu kwenye paji la uso kama ataruhusu busu langu. Mungu akupe afya na moyo mpana, na akujaalie mkwe mwema. Sikuombi unisamehe kwa njia ya posta.

Ni mimi, kaka yako,
Msabaha bin Mwishehe.