Kasa Mwenye Miguu

Unyambwa, Singida

Baba Ritha,

Habari za Kilwa? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori la vitunguu.

Huku alizeti imekauka kabla ya kutoa maua. Mimi bado nachora papa na pweza kwenye mbao, jinsi ulivyonielekeza. Yule kasa uliyesema nimekosea kumchora, kwamba ana mapezi na si miguu kama kobe wetu wa porini, sikumrekebisha. Ritha alikataa. Alisema bila miguu atatembeaje kutoka baharini mpaka hapa, akulete?

Ritha alishikwa na degedege. Tumemzika wiki iliyopita. Mbao za jeneza zilikosekana, fundi Alphonce akakata zangu zenye michoro. Akaniuliza rangi ikae nje au ndani. Nikasema ndani, na kasa awe upande wa uso wake.

Tulikupigia sana. Matanga tumeanua bila wewe, na mama yako amerudi Ikungi.

Ukijibu, andika lolote unalotaka. Ila usinieleze tena kwamba kasa hana miguu.

Ni mimi, bado naitwa

Mama Ritha