Freni Hazigawanywi

Kisangani, Jumapili

Papa yangu,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu siku ile kwenye mteremko wa bac, kivuko chetu: chuma kikisaga chuma, upande wa kushoto tu wa gari, kama mtu anayekwangua kwa kisu sufuria iliyoungua.

Nilipaswa kuanza kwa kukuuliza mgongo wako unaendeleaje, kama Mama bado anakohoa wakati wa ukungu, kama Assani ameacha kutoroka shule. Nauliza sasa, kwa moyo wote. Mimi ni mzima. Kwenye lycée wanafunzi wananisikiliza, chaki ndiyo haba. Lakini mdogo wako, Tonton Salumu, amekufikia kwa phonie, ile redio ya kuongelea, kabla ya barua hii, na najua alichosema, kwa sababu nilisimama nyuma yake pamoja na watu wote waliokuwa wakingoja zamu. «Kaka, mutoto wako amekuwa na roho mubaya. Anakatala kugawana.» Na wewe, sauti yako ikipotea na kurudi: «Zaina, mugawane. Nyinyi ni damu moja.» Kisha mawimbi yakakatika. Donc nakujibu hapa, ambapo hakuna wa kunikata.

Unajua gari zenu mbili zinavyofanya kazi, yako ya bluu na ya Tonton nyeupe, za aina moja, kubeba watu na mizigo hadi bac na kuvuka nao. Majira ya mvua yaliyopita ilipatikana boksi moja ya plaketi, vile vipande vinavyobana diski ya chuma hadi gurudumu lisimame. Boksi moja ina plaketi nne, mbili za kila gurudumu la mbele. Ni za gari moja. Tonton akazigawa kama anavyogawa samaki mezani: mbili kwako, mbili kwake. Kila gari ikapata gurudumu moja jipya na moja la zamani. Avenue nzima ikamsifu: «Nyumba hii iko na mapendo.» Huku sabuni inakatwa kwa uzi na sigara moja inavutwa na watu watatu. Nani angefikiri kwamba freni ni kitu kingine? Hata mimi nilinyamaza.

Siku ya mlio huo nilikuwa nimeketi mbele, karibu na Bolamba, dereva wako, yule kijana wa Yanonge. Akakanyaga freni tukiteremka kuelekea maji. Gurudumu la kulia, lile jipya, likashika. La kushoto likalia tu. Gari ikageuka yote kuelekea kulia, alipoketi mama mmoja anayeuza kwanga, ile mikate ya mihogo. Aliruka. Beseni yake haikuruka. Tulikuja kusimama kwenye mapipa ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Yule mama akaja dirishani, hakupiga hata kelele.

«Ni dereva njo iko mulevi, ao ni gari?»

«Ni gari, mama,» Bolamba akasema. «Miye sijakunywa kitu.»

«Basi muinyime pombe.»

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Papa, angekuwa amekufa. Angekufa kwa sababu ya mapendo ya nyumba yetu.

Tangu hapo nikaanza kutafuta. Duka la vipuri ulilolijua lilichukuliwa likapewa mwenyewe mpya, na sasa linauza vumbi. Nilikwenda sokoni na kitabu cha gari chini ya kwapa. Walinionyesha plaketi kuukuu zilizobandikwa kwa gundi kipande cha garniture ya camion, ile bitana ya freni za lori. Walinionyesha diski zilizotolewa kwenye gari zilizokufa: nikipitisha ukucha, pembeni kuna ukingo kama wa sahani, maana katikati imelika, na nyingine ina madoa ya bluu ya kuungua. Nilizikataa zote. Muuzaji akachoka nami.

«Citoyenne mwalimu, unachagua diski sawa vile unachagua bwana.»

«Bwana mubaya namurudisha kwao. Diski mubaya inanipeleka mu mayi.»

Mwishowe mama mmoja mfanyabiashara wa Isangi alifika na boti kutoka Kinshasa akiwa na diski mbili ndani ya karatasi na grisi yake, na boksi moja ya plaketi. Nilipima unene, nikalinganisha na kitabu. Zilikuwa zenyewe. Tukazinunua kwa pesa ya kazi ya gari zote mbili.

Na Tonton, akifurahi kweli, akaziweka juu ya meza. «Bon. Diski moja ya kaka, moja yangu. Plaketi mbili, mbili.»

«Tonton, tuweke zote ku gari moja. Hata ku yako.»

Hapo ndipo alipokasirika. «Ku yangu? Watu watasema nini? Salumu amekula sehemu ya mukubwa wake?»

«Waseme.»

«Wewe masomo imekukausha roho.»

Nilimuuliza fundi mbele yake. Fundi akapangusa mikono: «Miye nafunga kile munaleta.» Kisha Tonton akaenda kwenye phonie, na wewe ukampa haki bila kuniuliza.

Mimi si mkavu wa roho. Nitagawana chumba, sahani, kitambaa changu cha sikukuu. Najua gari yako ndiyo sabuni na chumvi ya nyumbani, ndiyo masomo ya Assani, na sitakudanganya kwamba mshahara wa mwalimu utaziba pengo hilo. Nimemwambia Tonton tugawane kazi na mapato ya gari moja nzima, Bolamba na dereva wake wapokezane. Anakula amenigeuzia mgongo, na Mama Asha, mke wake, ananipitishia chakula kimya kimya.

Msalimie Mama, na shangazi Mwamini aliyenifundisha kusuka, na babu Ramazani. Mwambie dawa yake ya macho iko njiani na mwalimu mwenzangu. Assani mwambie asome.

Jana asubuhi, Tonton akiwa salongo, kwenye usafi wa pamoja na watu wa mtaa, nilimleta yule fundi uani. Gari yako usukani wake haujanyooka tangu ile siku ya bac, kwa hiyo diski zote mbili na plaketi zote nne ziko kwenye gari nyeupe ya Tonton. Ya bluu nimeitoa magurudumu yote manne. Iko juu ya matofali, na magurudumu nimeyafungia chumbani kwangu.

Binti yako,
Zaina