Mama Demetria, na Bi Wahiba Tuliyemfungia Geti

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipotutoka, mvua ikinyesha Kipawa nzima na maji yamefika mpaka ngazi ya mlango wa nyuma. Watu wanatuambia mwaka ni mwingi, kidonda kitakuwa kimekauka. Wewe uliyefunga vidonda vya watu miaka thelathini na moja unajua kwamba vipo vinavyokauka juu tu, ndani bado kuna usaha.

Kwa hiyo safari hii hatutaandika kwamba ulikuwa nguzo ya familia na taa ya nyumba. Ulikuwa, ndiyo, lakini hayo kila familia huandika. Sie tuna jambo la kukuambia, na wasomaji wakisikia na wasikie. Jambo lenyewe ni la Editha, kitinda mimba wako, ambaye naye ni nesi kama wewe. Ametuomba tuliandike yeye akiwa hapahapa mezani, kichwa amekiinamisha.

Ulipostaafu hospitali, Mama, hukustaafu kitu. Ulivaa raba zako nyeupe, ukachukua begi lako jeusi lenye zipu mbovu, ukawa unazunguka Kipawa, Vingunguti hadi Ukonga kuwahudumia wagonjwa wa kansa majumbani mwao, wale walioambiwa hakuna cha kufanya zaidi. Ukifika mlangoni hukumkimbilia mgonjwa. Ulivua viatu, ukasalimia wakubwa, kisha ukauliza swali lako: "Humu ndani mnafanyaje?" Nani anaruhusiwa kumwogesha baba? Kitanda kielekee wapi? Sala ni saa ngapi, ili dawa isigongane nayo? Walokole uliwaacha waombe kwa sauti mpaka waridhike, ndipo ukapima presha. Kwenye nyumba ya Waislamu mgonjwa akikata roho ulimfumba macho, ukamfunga kidevu kwa kitambaa, halafu ukatoka, ukawaachia wenyewe mtu wao.

Na mtu akishazikwa ulirudi tena. Siku ya tatu, siku ya arobaini, hata baada ya miezi. Baba alikuwa analalamika, "Sasa Mama Benson, mgonjwa si ameshakufa? Unakwenda kumpima nani?" Ukamjibu huku unajifunga khanga, "Nakwenda kwa waliobaki. Sasa hivi ndiyo zamu yao."

Editha alikufuata kwenye kazi. Mwaka ule kabla hujaugua alipelekwa semina ya siku tano Morogoro, semina ya kuheshimu imani na mila za mgonjwa. Alirudi na cheti, akakipiga laminesheni, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Ukakisogelea ukakisoma na miwani yako, kisha ukasema, "Mwanangu, mbona hapa wameandika umehudhuria, hawajaandika umeelewa?" Tulicheka siku ile mpaka kaka yake Benson akapaliwa na chai.

Wasomaji wasiomjua Bi Wahiba tuwaambie. Ni mjane wa Mzee Abdulhadi, mwenye duka la kona, familia ya Kiarabu iliyokuwapo Kipawa kabla barabara haijatiwa lami. Mzee Abdulhadi aliugua kansa ya koo, na wewe ndiye uliyemhudumia miezi minne. Maumivu yalipozidi ulimpa ile dawa ya maji, kijiko kwa kijiko, kama daktari alivyoandika. Alasiri moja saa tisa ulimpa dozi ya nyongeza, na saa kumi na moja akafariki usingizini. Bi Wahiba akatoka barazani, mtandio umeanguka mabegani, akapiga kelele mtaa mzima ukamsikia: "Nesi huyu kamlevya mume wangu! Kafa bila kutamka shahada!"

Hukumjibu. Siku ya tatu ulikwenda ukakaa mkekani na wanawake wengine, na hakuna aliyekusogezea hata kahawa. Siku ya arobaini ukaenda tena. Baadaye mkawa chanda na pete nyie wawili, anakuletea vitumbua, unampima sukari. Lakini neno lile halikuzungumzwa tena, miaka saba yote. Sie tulidhani limekwisha.

Ndipo ukaugua wewe. Editha alichukua likizo, akaigeuza nyumba kuwa wodi na yeye akawa matroni. Alibandika ratiba mlangoni: dawa, uji, kugeuzwa, wageni dakika kumi. Tunakiri alikutunza vizuri, mgongo wako haukupata hata kidonda kimoja. Wifi yako Monica akaja kutoka Bukoba kusaidia, na rozari yake na wasiwasi wake.

Asubuhi moja ulimwambia Editha, "Niitieni Wahiba. Nataka tuhalalishiane kabla sijaondoka."

Editha alisimama na beseni mkononi. Neno hilo kwake lilikuwa la buchani, nyama halali na isiyo halali. Akaenda jikoni akamuuliza shangazi yake maana yake nini.

"Kuhalalishwa?" Shangazi Monica akaachia mwiko. "Yesu na Maria! Si ndiyo kusilimishwa huko? Wanamtaka mama yako dakika za mwisho! Tutamwambia nini paroko? Tutamzikaje?"

Baba akasema tusifanye haraka. Benson akasema mama hawezi kubadili dini. Editha hakusema kitu, na hapo ndipo palipo na aibu yake, Mama, maana moyoni hakumwamini shangazi. Alijua hujawahi kukosa Misa ya kwanza. Ilikuwa ni kurudi chumbani, hatua sita, akuulize, "Mama, una maana gani?" Cheti kizima cha siku tano, na swali moja likamshinda. Aliogopa jibu. Akaona ni rahisi zaidi kufunga geti.

Bi Wahiba alikuja mwenyewe bila kuitwa, maana mtaani alisikia hali yako. Mara ya kwanza alikuja na chupa ya uji wa mchele.

"Shikamoo Bi Wahiba."

"Marahaba mwanangu. Mama Benson yukoje leo?"

"Amelala."

Hapohapo sauti yako ikatoka dirishani, "Editha, nani huyo?"

Waliisikia wote wawili. Editha alibaki ameshika komeo. Bi Wahiba akamtazama kitambo, akapitisha chupa kwenye uwazi wa geti, akasema, "Haya. Akiamka mwambie Wahiba kaja." Kisha akageuka na kuondoka, khanga ameishika juu ya matope.

Uji ule hukuunywa. Shangazi alisema huenda wametia kombe, maji yale yaliyooshewa aya, na Editha akaumwaga kwenye sinki. Nesi mzima! Kesho yake akairudisha chupa dukani, safi, akasema, "Mama amefurahi sana." Bi Wahiba akashukuru.

Alikuja mara ya pili, ukawa umelala. Alikuja mara ya tatu, ukawa unaogeshwa. Wewe kila siku ukawa unauliza, "Wahiba hajaja tu?" na Editha akakujibu, "Bado, Mama." Siku ya mwisho uliacha kuuliza. Ulimshika mkono ukamwambia taratibu, ukivuta pumzi kila baada ya maneno mawili: "Mwambie Wahiba, ile dozi ya saa tisa niliitoa haraka. Sikumuuliza kama mzee ameshatamka. Anihalalishie." Editha akakujibu, "Sawa, Mama," akaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka.

Tulikupeleka Bukoba kukuzika. Siku ya kukuaga pale nyumbani Bi Wahiba alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na tangi la maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyempisha mbele.

Miezi minne baadaye Editha alikuwa kazini anamwandaa mzee mmoja kwa upasuaji, Mzee Sadallah, mcheshi, ameitania wodi nzima. Kabla hajasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, mzee akamshika kiganja. "Sista, nihalalishie. Nimekusumbua sana na kengele yangu."

Editha akauliza, "Nikuhalalishie ndiyo nini, mzee?"

"Aa, nisamehe tu, mwanangu. Haki yako iliyo juu yangu, niachie, nisiende nayo. Tunaombana sie wote, hata Mkristo namwomba. Kwani kuna nini?"

Hakukuwa na kitu. Alimsukuma mpaka mlangoni, akamkabidhi, akaingia chumba cha dawa akajifungia, akakaa juu ya boksi la dripu akalia mpaka mwenzake akaja kugonga. Hukuwa unasilimu, Mama, wala hukuwa unaweweseka. Ulikuwa unaomba msamaha kwa neno la yule unayemwomba, kama ulivyofanya maisha yako yote.

Mtu angedhani angekwenda kwa Bi Wahiba siku hiyohiyo. Hakwenda. Miezi minane alizunguka kwa nyuma asipite mbele ya duka lile, sukari akawa anaifuata Vingunguti. Akimwona Bi Wahiba kwa mbali anachepuka kama mtoto aliyevunja kioo cha watu. Tulipomuuliza, akatueleza, na sie wote tukanyamaza pamoja naye, maana geti lile halikuwa lake peke yake. Baba alimwona anafunga. Benson alisikia sauti yako dirishani.

Jumamosi iliyopita alikwenda. Bi Wahiba alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Editha alipiga magoti sakafuni akayasema yote bila kupunguza: neno, geti, uji kwenye sinki, uongo wa shukrani, na jinsi alivyojifanya mlinzi wa mama yake. Mwisho akautoa ujumbe wako, neno kwa neno, kama ulivyomtuma.

Bi Wahiba aliuweka ungo chini. "Kasema hivyo Mama Benson? Kasema hakuuliza kama katamka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Yarabi." Akajifunika uso kwa mtandio. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo mno. "Alitamka. Abdulhadi alitamka asubuhi ile, saa mbili, mie nimemshika mkono. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mie nilikuwa najua tangu siku ile ile. Uchungu ulinipanda nikataka wa kumlaumu, nikamsingizia mbele za watu. Miaka saba nakula naye, nashindwa kumwambia. Niliposikia kalala kitandani nikasema sasa naenda kumwambia, hata iweje. Nikaja mara ngapi, mwanangu? Nilikuja kumwambia hilo tu."

Editha akawa analia, hawezi hata kufuta kamasi. Akamwambia, "Nihalalishie, Bi Wahiba."

Yule mama alimfuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Haya. Geti nimekuhalalishia. Uji nimekuhalalishia. Kunidanganya kwako nimekuhalalishia, na Mungu shahidi. Lakini mama yako alikufa akidhani kamnyima mume wangu shahada, na hilo siwezi kukuhalalishia mie. Hilo si langu."

Akamsaidia kuinuka. Akatuagiza tuandike gazetini, kwa kuwa yeye alilisema neno lile mtaa mzima ukisikia, kwamba Nesi Demetria hakumdhulumu mume wake kitu, na kwamba yeye Wahiba alimsingizia.

Basi tumeandika, Mama. Na kwa kuwa hatukukuambia ulipokuwa unaweza kutusikia, tunakuambia hapa, mwaka mzima tumechelewa, watu wote wakituona: alitamka. Mzee Abdulhadi alitamka asubuhi saa mbili, na dozi yako ilikuwa ya saa tisa. Hukumnyima chochote. Mwenye habari hiyo alikuwa amesimama getini kwetu, nasi tukasema umelala.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, Misa ya kwanza, ile uliyoipenda.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gaspar, wanao Benson na Editha, wifi yako Monica, aliyetuomba tuandike kwamba naye amekosa, wanajumuiya wenzako, na jirani yako Wahiba, aliyetaka mwenyewe jina lake liwe hapa.

Mama, hakuna siku tutakayokusahau. Tusamehe.